Mwenzake Mama Pindo

Wasiwasi wa Mzee Kochi ulianza na sweta. Wala si sweta la kujivunia, jamani. Lilikuwa sweta la sufu lililochoka viwiko, rangi yake hata mwenyewe hakuikumbuka vizuri. Lakini lilikuwa lake, na asubuhi hiyo ya baridi halikuwepo msumarini.

"Mama, sweta langu liko wapi?"

"Lipi?"

"Kwani ninayo mangapi?"

"Litakuwa kwenye nguo chafu," mkewe alijibu, akachukua kikapu chake na kutoka bila hata kugeuka.

Mzee Kochi alipindua kapu la nguo chafu mpaka chini kabisa. Hamna. Akachungulia chini ya kitanda, hamna. Akasimama katikati ya chumba, fulana yake na baridi yake, akijiuliza kwa nini mwanamke wa kunyoosha maneno kama mkewe ameanza kujibu huku anaondoka.

Jina la Kochi alipewa kwa sababu ya kazi. Alikuwa fundi wa makochi: unampelekea kochi limebonyea, linalia kila ukikaa, yeye analivua kitambaa, anakaza mikanda, anatia sponji mpya na kulivalisha upya hadi unaona haya kulikalia. Uzee aliupata kanisani, maana alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa umoja wa wanaume. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya wanaume, na yeye ndiye aliyepewa kufundisha. Somo: wajibu wa mwanamume Mkristo kumheshimu mwanamke. Wiki nzima alikuwa analifanyia mazoezi kwenye karakana yake, anapigilia misumari na kuhubiria makochi matupu. Nayo makochi, kusema kweli, yalimsikiliza vizuri sana.

Mkewe watu walimwita Mama Pindo, kwa jinsi alivyokuwa anapinda nguo usione uzi ulikopita. Alikuwa fundi cherehani wa nguo za kike. Alikodi vyumba viwili juu ya duka la dawa: cha mbele cha cherehani na wateja, cha nyuma cha kupimia, chenye mlango na komeo lake. Mzee Kochi hakuwahi kukanyaga chumba cha nyuma. Wanawake wanavua nguo mle, alisema, mwanamume mwenye adabu anakwenda kutafuta nini? Jambo hilo alijisifia, na kusema haki lilistahili sifa.

Baada ya sweta ikapotea dawa yake ya kuchua mgongo. Baada ya dawa, likapotea blanketi la wageni. Halafu likaja suala la chakula. Mama Pindo alikuwa mtu wa kushinda na chai na kipande cha mkate. Sasa kila asubuhi alijaza hotipoti mpaka kifuniko kinagoma, na jioni hotipoti ilirudi tupu, imeoshwa.

"Siku hizi una hamu ya kula," Mzee Kochi alimtegea.

"Kazi nyingi."

"Mbona hunenepi?"

"Una neno, Mzee?"

"Neno gani tena? Nauliza tu."

Anauliza tu! Roho ilikuwa juu juu, ila mdomoni anauliza tu. Siku iliyofuata alirudi nyumbani ghafla kuchukua mkasi wake mkubwa, akasikia sauti ya mkewe jikoni, anaongea na simu kwa kunong'ona. Mzee wa kanisa akavua viatu, akanyata, akaegemeza sikio ukutani.

"Mwenzangu, vumilia kidogo," Mama Pindo alikuwa anasema. "Leo usitoke kabisa. Na dirishani usisogee, kuna watu wanakujua hapo chini... Hapana, mume wangu hajui. Wala asijue. Akijua tu, tumekwisha... Na mimi nakupenda. Nakuja sasa hivi."

Mwenzangu! Mzee Kochi aliona jiko linamzunguka. Mwenzake si yeye? Yeye aliyesimama naye madhabahuni, wakazaa watoto, wakawalea mpaka wakaoa na kuolewa? Na hii lugha yetu tamu, Mungu aibariki, haimsaidii mtu mwenye wivu hata kidogo. Yeye ni yeye tu, awe na ndevu, awe na hereni. Anakuja, anakula, amelala, maskini huwezi kujua ni nani. Mzee Kochi hakungoja kujua. Alimpa huyo mwenzangu ndevu palepale, akampa na kifua kipana, akamvalisha sweta la sufu.

Hakulala vizuri. Alimwomba Mungu amfunulie ukweli. Kisha, kwa kuwa aliona Mungu anachelewa, akaamua kujifunulia mwenyewe.

Mchana uliofuata alifunga karakana, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, akajifanya anasoma simu. Mama Pindo alikuwa chini, mlangoni kwa mwenye duka la dawa, wanaongea. Mzee Kochi akainua macho. Pazia la dirisha la chumba cha nyuma likasogea kidogo, likarudi. Mkewe yuko chini, na pazia linasogea juu! Basi mtu yumo. Akaona jasho linamtoka kwapani, na baridi yote ile.

Mkewe alipopanda, alimpa nafasi, kisha naye akapanda ngazi kwa ncha za vidole. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa. Cherehani iko kimya. Akapenyeza sikio.

"Vua taratibu," sauti ya mkewe ilitoka chumba cha nyuma. "Hapa panauma? Pole, mpenzi wangu. Geuka nikupake na huku."

Mtu akaguna, guno zito, la chini. Halafu harufu ikamfikia puani: dawa yake ya kuchua, ile ile, inapakwa mgongo wa watu!

Utauliza, kwa nini hakuvunja mlango palepale? Alijiambia mzee wa kanisa haendi kwenye jambo kama hilo bila shahidi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mtu aliyejificha anaweza kuwa na kisu. Zaidi ya hapo aliogopa kumwona mkewe usoni akiwa peke yake, maana alimpenda, alimpenda hasa, na alijua akiingia mle ndani ndoa yake inaweza kuishia kwenye sakafu ya chumba cha kupimia nguo. Akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma: milango, madirisha, mageti. Mikono yake ilikuwa minene, na hasira zake zilikuwa karibu. Kuhusu hasira hizo Mzee Kochi alikuwa na habari. Miezi michache nyuma, mke wa Cheche, shemeji yake, alikimbilia kwao mdomo umevimba. Mzee Kochi aliwakalisha wote wawili sebuleni, juu ya kochi lake zuri kuliko yote, akamuuliza shemeji alisema nini mpaka mumewe akakasirika hivyo. Akamwambia Cheche apunguze hasira. Akamwambia shemeji ashushe sauti, amnyamazie mumewe, mambo ya familia yasitoke nje. Wakaomba, wakashikana mikono, na yeye mwenyewe akamsindikiza shemeji hadi kwake. Aliihesabu siku ile kati ya kazi zake njema. Mama Pindo siku ile aliosha vyombo vyote bila kusema neno.

Sasa, alipoulizwa habari za nyumbani, Cheche alisema mkewe ameenda kwao kumuuguza mama yake. Basi, Mzee Kochi hakuuliza zaidi.

Cheche alizima mashine, akapandisha barakoa ya chuma kichwani. Alimsikiliza kaka yake huku anatabasamu upande mmoja, kama mtu anayesikia kisa cha jirani. Lakini Mzee Kochi alipofika kwenye dawa ya kuchua, tabasamu likakatika.

"Anampaka mgongoni?"

"Kwa masikio yangu, ndugu yangu."

"Tangu lini anabeba chakula?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na alimwambia asisogee dirishani."

"Eti kuna watu wanamjua."

Cheche alivua glavu zake polepole. Kuna kitu hakikukaa sawa, na Mzee Kochi alikihisi: mdogo wake hakuuliza mwanamume huyo ni nani. Mtu ukimwambia shemeji yake ana bwana, swali la kwanza si hilo? Cheche hakuuliza. Aliuliza komeo la mlango liko upande gani.

"Hii tusiiache, kaka," alisema, akaokota kipande cha nondo.

"Hicho cha nini?"

"Cha kumtishia tu. Twende."

Njiani Cheche ndiye aliyetangulia. Mzee Kochi alimfuata nusu anakimbia, akitaka kusema kitu na asijue ni kitu gani. Alikuwa amemwendea mdogo wake apate mtu wa kumshika mkono. Sasa alijiona anakokotwa kwenye shauri la mtu mwingine. "Taratibu basi!" alisema. Cheche hakupunguza mwendo.

Walipanda ngazi. Mlango wa mbele haukufungwa na ufunguo. Ndani, nguo zilizokatwa nusu zilitandazwa mezani, chaki na futi ya kupimia pembeni. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishiwa tu, maana Mama Pindo alikuwa anatoka na beseni la maji. Alimwona mumewe.

"Mzee? Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kumwona mwenzako," Mzee Kochi alisema. Alikuwa ameitayarisha sentensi hiyo, na ilimtoka kwa ukali aliotaka.

Mama Pindo alifungua mdomo kumjibu. Ndipo akamwona Cheche nyuma ya bega lake. Beseni likamponyoka, maji yakatapakaa sakafuni.

"Umemleta," alisema. Hakupiga kelele. "Umemleta wewe mwenyewe."

Mzee Kochi hakuelewa. Alimpita, akasukuma mlango, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaingia chumba cha kupimia nguo. Kwenye godoro jembamba, chini ya kioo, alikaa mwanamke. Alikuwa anahangaika kuvuta sweta la sufu mabegani, na kabla halijafunika, kioo nyuma yake kilikwisha kuonyesha mgongo wote: umeiva, umekuwa bluu, umekuwa njano, una alama ndefu zilizopishana. Aliinua uso. Alikuwa shemeji yake.

Mwenzangu. Lo! Tangu siku walipoolewa nyumba moja, wake wa ndugu wawili, Mama Pindo na shemeji hawakuitana kwa jina lingine. Mwenzangu njoo, mwenzangu nisaidie, mwenzangu unaonaje kitambaa hiki. Miaka yote alilisikia sebuleni mwake, na hakulitia maanani, kwa kuwa yalikuwa maneno ya wanawake.

"Ahsante, kaka," Cheche alisema kutoka mlangoni. "Nilijua hutaniangusha."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Kochi kuliko lolote aliloambiwa maishani. Cheche hakuongea kwa hasira. Aliongea kwa upole, hata kwa heshima, kama mtu aliyerudishiwa mbuzi wake.

"Haya, vaa twende nyumbani," akamwambia mkewe.

Na shemeji akaanza kutafuta kandambili. Hakubisha, hakulia. Mguu wake ulipapasa sakafu, ukaipata moja, ukaenda kutafuta ya pili. Mzee Kochi aliutazama mguu ule. Aliutambua utii huo: ndio aliomfundisha sebuleni kwake, juu ya kochi zuri.

"Mwenzangu, usiende," Mama Pindo alisema, akapenya ndani na kujitia katikati, mkasi wa kushonea mkononi. Hakumtazama Cheche peke yake. Alimtazama na mumewe, macho yale yale. "Atakayemgusa, awe nani, nitamkata."

"Kaka, mwambie mkeo apishe," Cheche alisema. "Mwambie. Wewe si ndiye mzee wa kanisa? Wewe si ndiye uliyesema arudi?"

"Mimi ndiye," Mzee Kochi alisema. "Mimi ndiye, na nilimkosea huyu mama. Nilimkosea mbele za Mungu. Toka nje."

"Unasemaje?"

"Nimesema toka."

Alikuwa mtu mzima, mgongo mbovu, lakini maisha yake yote alikuwa anasukuma makochi. Alimkumba mdogo wake kwa kifua, akamrudisha hadi chumba cha mbele, kisha yeye mwenyewe akarudi nyuma na kuuvuta mlango wa chumba cha kupimia, akasimama mbele yake.

"Mama, funga!" alipiga kelele.

Komeo likalia saa ile ile. Lilifungwa haraka mno. Mkewe hakuwa amesubiri kuambiwa. Na hapo, mgongo umeegemea mbao na nondo iko mbele yake, Mzee Kochi alitambua kwamba kwa waliokuwa ndani, komeo lile liliwazuia wanaume wawili.

"Toka mlangoni."

"Sitoki."

"Ni mke wangu!"

"Ni binti wa watu. Sitoki."

Nondo ilishuka. Alikinga kwa mkono, maumivu yakapanda hadi kwenye meno. Akapiga ukelele ambao hakujua anao. Chini, mwenye duka la dawa alitoka, na wateja wake nyuma yake, viatu vikagonga ngazi.

"Kuna nini huko juu?"

Cheche aliteremsha mkono. Akageuka na ule uso wake mwingine, ule mzuri, wa kuongea na wateja. "Hamna kitu, mzee wangu. Mambo ya familia."

Watu walikuwa tayari kuridhika. Mzee Kochi aliliona hilo: mabega yao yalishaanza kugeuka kushuka. Yeye mwenyewe angegeuka, jana tu.

"Si mambo ya familia," alisema, na sauti ilimtetemeka kama ya mtoto. "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Anampiga mke wake kwa vyuma. Mimi nilijua anampiga. Nilijua, na nikamrudisha kwa mkono wangu. Piga simu polisi, ndugu yangu, nakuomba. Nitasema kila kitu."

Halafu mwenye duka la dawa akatoa simu mfukoni. Cheche alimtazama, akamtazama kaka yake, akatema mate sakafuni. "Kuanzia leo mimi sina kaka," alisema, akawapita watu kwa bega, akashuka. Hakuna aliyemzuia; bado alikuwa na nondo.

Waliposhuka wengine kumngoja askari, Mzee Kochi alibaki peke yake. Akagonga mlango, taratibu.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mkewe.

"Mimi."

"Wewe na nani?"

Jamani, mume aulizwe swali hilo na mkewe! "Peke yangu. Ameondoka. Polisi wanakuja."

Komeo halikusogea.

"Mama, ulidhani ningemrudisha tena?"

"Nilijua ungemrudisha," Mama Pindo alisema. "Ungemwombea kwanza, halafu ungemrudisha."

Ilikuwa kweli. Wiki nzima alikuwa anamshuku, anahesabu vijiko vya chakula, ananusa dawa, na kumbe mwenye haki ya kushuku alikuwa mkewe. Machozi yalimjia, akayaacha.

"Nifungulie basi. Nimwombe radhi."

"Humu ndani leo siamui mimi. Muulize mwenyewe."

Mzee Kochi alijaribu kukumbuka ni lini alimuuliza shemeji yake jambo lolote alilolitaka, akakosa. Aliweka kiganja juu ya mbao, mkono mzima, ule mwingine ukiendelea kuvimba.

"Shemeji," alisema. "Ni mimi, shemeji yako. Naomba ruhusa niingie nikuombe msamaha."

Ndani walinong'ona. Blanketi likachakarika, mtu akasogea karibu na mlango, karibu kabisa, mpaka akasikia anavyohema. Akajua ni yeye.

"Bado, shemeji," sauti ilisema.

Maneno ya kuomba radhi alikuwa nayo tele, na yangepita kwenye mbao bila shida. Akayameza.

"Sawa," alisema, akarudi nyuma, akaenda kukaa kwenye ngazi, nje, mahali ambapo angesikia wakimwita.